Boma la Mtemi Isike

Siku moja darasani, tulipokuwa tukisoma habari za njia ya misafara, kijana mmoja akaaye Kitete alisimama akasema, "Bwana Mwalimu, boma la Wadachi hapa Tabora twaliona, maana lingali limesimama. Lakini twaambiwa ya kuwa kabla yake palikuwa na boma la Mtemi Isike, na kwamba Wadachi walilipiga wakashindwa kuliteka, mpaka waliporudi tena na nguvu mpya. Je, boma hilo liko wapi? Mbona hatuoni hata jiwe lake moja?"

Wenzake walicheka. Lakini swali lile halikuwa la kuchekwa, wala mimi mwenyewe sikuweza kulijibu kwa neno moja. Somo hili ndilo jibu lake. Atakayelisoma kwa haraka ataona kwamba sikumwonyesha mahali kwa kidole. Atakayelisoma polepole ataona jinsi mtu awezavyo kupatafuta.

Tuanze na lile jiwe. Hakuna jiwe kwa sababu watemi wa Unyamwezi hawakujenga kwa mawe. Walijenga kwa miti na udongo. Miti ilikatwa porini, ikasimamishwa karibu karibu, ikakandikwa udongo mpaka ukuta ukawa mnene. Juu yake yaliwekwa magogo, na juu ya magogo udongo tena, hata paa likawa sawa kama sakafu. Nyumba ya namna hii ndiyo iitwayo tembe. Tembe nyingi zikiunganishwa kuuzunguka uwanja, migongo yao ikielekea nje, hufanya ukuta wa boma. Na nje ya ukuta watu walipanda ua wa minyaa, au walichimba handaki. Katika ukuta waliacha matundu madogo ya kupenyezea bunduki. Msiudharau ukuta wa udongo. Risasi ya gumegume huuingia ikakaa humo humo, kama mbegu shambani.

Adui mkubwa wa tembe si risasi, ni mvua. Maadamu watu wamo ndani, hukandika upya kila mwaka. Siku wakihama, masika ya kwanza hutoboa dari, ya pili huiangusha, mchwa hula miti, na majirani huja kuchukua magogo yaliyobaki mazima wakajengee kwao. Baada ya miaka michache husalia tuta la udongo, na udongo ule ni mzuri kwa viazi. Mkulima apigaye jembe pale hana habari kwamba labda analima juu ya kitanda cha mtemi. Hata tembe ya Kwihara, alimokaa Stanley mwaka 1871, na Livingstone mwaka 1872, ilianguka. Hiyo waionayo wageni leo ilijengwa upya.

Wala msidhani kwamba jambo hili huzipata nchi zenye nyumba za udongo tu. Huko Ulaya, karibu na mpaka wa Uskochi na Uingereza, palikuwa na ngome ya mawe iitwayo Roxburgh, na mji mkubwa kando yake. Mwaka 1460 Mfalme James wa Pili wa Uskochi aliizingira ngome ile ili awatoe Waingereza waliokuwamo. Mzinga wake mmoja ukapasuka, ukamwua. Hata hivyo watu wake waliiteka ngome, kisha wakaibomoa isije ikawafaa adui siku nyingine. Leo pamebaki kilima chenye nyasi na vipande vya ukuta, na mji ule wa kando hauonekani kabisa. Watu wa elimu wa huko hawakukata tamaa: huzitafuta habari zake katika hati za wafalme, katika majina ya mahali, na katika ardhi yenyewe. Njia hiyo yatufaa sisi pia, ila hati zetu ni chache zaidi, na wengi wa walioziandika walikuwa wageni.

Sasa sikilizeni mambo yale ambayo hayana shaka. Burton na Speke walifika Unyanyembe mwezi wa Novemba 1857, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne toka pwani. Mtemi wa wakati ule alikuwa Fundikira. Waarabu walikuwa wamekwisha kukaa hapa na kujenga tembe zao, kwa kuwa hapa ndipo njia zilipogawanyika, moja ikienda Ujiji na nyingine ikienda kaskazini, Karagwe na Buganda. Fundikira alipokufa utemi ulimwangukia Mnywa Sele, naye alitaka wafanya biashara wamlipe ushuru. Waarabu wakakataa, wakamwondoa kwa vita, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Baada ya Mkasiwa akaja Isike, nao utawala wake ulianza katika miaka ya 1870. Mwaka 1890 Emin Pasha, aliyekuwa katika kazi ya Wadachi, yaani Wajerumani, alifika Tabora akapandisha bendera yao. Waarabu walipatana naye. Isike hakukubali kutawaliwa. Mwaka 1892 Wadachi walilipiga boma lake wasiweze kuliteka. Januari 1893 ofisa Tom von Prince, ambaye watu walimpa jina la Bwana Sakarani, alilishambulia tena, na safari hii boma likaanguka. Baada ya hapo utemi wa Unyanyembe alipewa mwanamke, jina lake Nyaso.

Hayo ni mifupa tu. Nyama yake ndiyo inayotafutwa, na hapo ndipo mtafutaji anapoanza kujikwaa.

Kikwazo cha kwanza ni jina. Ukifungua vitabu vya wasafiri utakuta mtemi wa Unyanyembe anakaa "Kwikuru". Stanley aliandika hivyo mwaka 1871. Ukifungua habari za Wadachi za vita vya Isike utakuta tena "Kwikuru", ingawa wao huliandika kwa herufi za kwao, hata mtu asilitambue. Mwanafunzi mwepesi atasema, "Nimepata! Mahali ni pamoja." Lakini mwulize bibi yako, kama ni Mnyamwezi, maana ya neno hili. Atakuambia kwamba ikulu ni makao ya mtemi, na kwikulu ni pale penye makao hayo. Ndilo neno lile lile tulitumialo leo kwa nyumba ya Rais. Basi Kwikuru si jina la kijiji kimoja kama Kitete au Kwihara; kila mtemi alikuwa na kwikuru yake, na mtemi mpya mara nyingi alijenga mahali papya. Mkasiwa alikuwa na yake, Isike alikuwa na yake. Mtu akichukua maelezo ya Stanley ya mwaka 1871 akayaweka juu ya vita vya mwaka 1893, yamkini ameunganisha nyumba mbili akaiita moja.

Na majina ya watu ni kama hayo. Mnywa Sele katika kitabu cha Stanley ni Manwa Sera. Isike kwa Wadachi ni Sike au Siki. Kinyamwezi husema L mahali ambapo mgeni alisikia R, na Mwingereza huandika kwa namna moja, Mdachi kwa nyingine. Atafutaye jina kwa herufi za shuleni peke yake atafunga kitabu akisema, "Hamna kitu," kumbe mtu alikuwamo tangu ukurasa wa kwanza, amevaa nguo nyingine.

Kikwazo cha pili ni kitabu chenyewe. Sisi tuliosoma tuna kosa moja: tukiona neno limepigwa chapa twadhani limekwisha kuwa kweli. Hebu tazameni jambo hili. Stanley na Livingstone walikutana Ujiji. Watu wawili, wote wanajua kuandika, wote wana daftari. Stanley katika kitabu chake aliandika kwamba siku ile ilikuwa tarehe 10 Novemba 1871. Daftari ya Livingstone yaonyesha siku za mwisho wa Oktoba. Hakuna aliyekusudia kusema uwongo. Wote wawili waliugua sana homa njiani, na mtu alalaye na homa siku nyingi hupotewa na hesabu ya siku. Ikiwa siku hiyo, ambayo habari zake zilienea dunia nzima, ina tarehe mbili, tutashangaa nini habari za vita vya Isike zikipishana?

Kwa hiyo kila kitabu kiulizwe maswali kama shahidi barazani. Wewe ni nani? Ulikuwapo? Uliandika siku ile ile au baadaye? Unapata nini tukikusadiki? Prince alikuwapo, hilo ni jambo kubwa kwetu. Lakini kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka mwaka 1914, miaka ishirini na mmoja baada ya boma kuanguka, na aliyekiandika ndiye mshindi mwenyewe. Mtu akihadithia vita alivyoshinda, ukuta wa adui huwa mrefu kidogo kila mwaka. Sisemi kwamba alidanganya. Nasema kwamba vipimo vyake na visimame kando mpaka shahidi mwingine aje. Ripoti iliyoandikwa wakati ule ule na kupelekwa kwa wakubwa, au daftari ya kila siku ya misioni, mara nyingi ina thamani zaidi, hata kama ni kavu. Mapadre Weupe, waliofika Unyanyembe kabla ya Wadachi, waliagizwa waandike daftari katika kila kituo, siku kwa siku: nani amefika, nani amekufa, mvua imenyesha, bunduki zimesikika. Mwandishi wa daftari kama ile hajui kesho itakuwaje, kwa hiyo hana nafasi ya kuipamba jana.

Tena tazameni maneno yanayochaguliwa. Wadachi waliandika kwamba Isike aliwasumbua wasafiri na kuzuia biashara. Lakini tangu zamani, kabla ya bendera yo yote, msafara uliopita katika nchi ya mtemi ulimlipa hongo. Leo neno hongo lina maana mbaya, twalitumia kwa rushwa. Siku zile lilikuwa malipo ya haki, kama ushuru wa forodha. Mgeni aliyeikataa hongo alisema, "Nimenyang'anywa." Mtemi aliyeidai alisema, "Ninachukua changu." Tendo ni moja, majina mawili. Nami naona kwamba ugomvi wa Isike na Wadachi haufahamiki kabisa kwa mtu asiyejua kwamba hata Mnywa Sele kabla yake aliondolewa kwa sababu ya ushuru.

Ugumu mkubwa kuliko yote ni habari ya kufa kwake. Inasimuliwa kwamba Isike, alipoona maadui wameingia ndani, hakutaka kushikwa. Aliingia katika ghala ya baruti pamoja na watu wa nyumba yake, akaiwasha. Hapo masimulizi yanaachana. Wengine husema alikufa pale pale. Wengine husema alitolewa angali ana pumzi, na Wadachi wakamtundika mtini. Je, tusadiki ipi? Watu wengi wanaipenda ya kwanza, kwa sababu ina ushujaa, na mwisho wake ni mzuri kusimuliwa. Mimi naelekea ya pili. Sababu yangu ni hii: mshindi aweza kuongeza urefu wa ukuta ili apate sifa, lakini ni shida kufikiri kwa nini upande wake ungetunga habari ya kumtundika mtu aliyekwisha kuungua. Habari isiyomletea msemaji sifa ina nguvu kuliko ile inayomletea. Hata hivyo ushujaa wa Isike haupungui kwa hiyo. Baruti aliiwasha yeye. Ninyi pimeni wenyewe, maana katika jambo hili mwalimu si hakimu.

Sasa twende kwa wazee. Hakuna mtu leo aliyeliona boma lile kwa macho. Mzee atakuambia alivyoambiwa na babu yake, na babu yake labda alikuwa mtoto mgongoni siku ya vita. Kwa hiyo usimwulize tu, "Ilikuwaje?" Mwamkie kwanza, kaa chini, kisha mwulize, "Babu, habari hii ulipewa na nani? Naye aliipata wapi?" Andika maneno yake kama alivyoyasema, hata yale unayodhani amekosea, wala usiyanyooshe ili yafanane na kitabu. Ujue pia kwamba baada ya vita utemi ulipita kwa watu wengine, na kila nyumba hukumbuka yale yanayoiheshimu. Mzee wa nyumba iliyopata na mzee wa nyumba iliyopoteza wakikubaliana jambo moja, hilo lishike kwa mikono miwili. Torati nayo haikutaka mtu ahukumiwe kwa shahidi mmoja tu.

Wazee wana faida moja ambayo vitabu havina: wao hukuonyesha mahali. Kitabu husema "karibu na Tabora". Mzee husema "toka mwembe ule mpaka kisima kile". Ukifika pale, tumia macho yako. Tazama kama ardhi imeinuka kwa mstari mrefu ulionyooka, maana tuta la mchwa halinyooki. Tazama kama pana bonde la handaki lililojaa, ambapo majani huwa mabichi zaidi wakati wa kiangazi. Minyaa ni shahidi mwaminifu: ua ukiachwa huota ukawa miti, ukakaa miaka mingi baada ya nyumba kuanguka. Miembe nayo husema neno, ila ujue kwamba Waarabu walipenda kuipanda, basi mwembe peke yake hauthibitishi boma la mtemi. Chini utaona vigae, jiwe la kusagia lililovunjika, shanga moja moja, na pengine risasi.

Na ukiiona risasi, iache. Najua mkono utawasha. Lakini risasi iliyo mahali pake husema mengi: ilitoka upande gani, ilipiga ukuta gani, iko karibu na nini. Ikiingia mfukoni mwako imekuwa bubu, ni kipande cha risasi tu. Piga hatua toka mti unaojulikana, andika idadi ya hatua na upande wa jua, chora picha katika daftari yako, kisha mpelekee habari mwalimu. Kuchimba si kazi yako wala yangu; ni ya wenye elimu hiyo na ruhusa ya Serikali.

Hapa kuna jambo ambalo lingemhuzunisha yule kijana wa Kitete. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Isike hakuwa mtemi bado mwaka huo. Kwa hesabu ya sheria, boma alilojenga yeye ni changa, limekosa ulinzi huo kwa miaka kumi na kitu. Iko njia nyingine, kwa maana Waziri aweza kutangaza kwamba mahali fulani palindwe, hata kama si pa kale sana. Lakini Waziri hawezi kutangaza mahali ambapo hakuna aliyemletea habari zake zilizopimwa. Naye mkulima hangoji. Mji wa Tabora unakua, viwanja vinagawanywa, matofali yanafyatuliwa, na udongo wa tuta la zamani ni laini, hauna taabu kuchimba.

Maswali. Kwa nini neno Kwikuru peke yake haliwezi kutuonyesha mahali pa boma? Eleza kwa nini daftari iliyoandikwa siku ile ile yaweza kuaminika kuliko kumbukumbu zilizoandikwa baada ya miaka ishirini na mmoja. Mwandishi wa somo hili ameisadiki habari moja ya kufa kwa Isike kuliko nyingine: je, sababu yake yakutosha? Mwulize mzee mmoja wa kwenu neno hongo lilikuwa na maana gani alipokuwa mtoto, ukaandike jibu lake kama alivyolitamka, pamoja na jina lake, na tarehe, na mahali mlipokaa.